Breki ya nyuma inalia, shuu nimebadilisha mara mbili: tatizo liko wapi?

"Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Naishi Bagamoyo, na kutoka lami hadi nyumbani ni kilomita nne za vumbi. Tangu mwaka jana tairi la nyuma kulia linatoa kelele nyembamba, kwiii, kila nikikanyaga breki taratibu, hasa asubuhi na ninapokaribia kusimama. Nikikanyaga kwa nguvu halilii. Nimebadilisha shuu mara mbili ndani ya miezi minane. Fundi wa kwanza alipiga msasa, wa pili alipuliza vumbi kwa kompresa na kuosha kwa petroli. Kila mara kelele inakata wiki mbili halafu inarudi. Hendibreki nayo siku hizi naivuta mpaka juu kabisa ndiyo ishike. Fundi sasa anasema dawa ni kutoa dramu na kufunga diski nyuma. Mume wangu anasema breki inayolia ndiyo inayoshika. Nani yuko sahihi? Na je, niendelee kubebea watoto?"

Dada, nianze na watoto, maana hilo ndilo lililokufanya uandike. Kama pedali bado iko juu na ngumu kama zamani, gari linasimama bila kuvuta upande, na taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi haiwaki, unaweza kuendelea kwenda nalo shuleni na kazini siku chache hizi huku ukipanga siku ya kulifungua. Usiliegeshe kwenye mteremko ukitegemea hiyo hendibreki peke yake. Weka gia ya P na jiwe kwenye tairi. Lakini siku ile kwiii itakapogeuka kuwa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, au pedali ikaanza kuzama, au ukaona unyevu unaoteremka upande wa ndani wa tairi, gari libaki hapo hapo lilipo, fundi ndiye alifuate.

Mume wako ana chembe ya ukweli. Breki isiyogusa kabisa haiwezi kulia, kwa hiyo kelele inathibitisha kwamba shuu (kile kipande kilichopinda kinachosugua) inafika kwenye dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi). Kinachokosewa ni kudhani kwamba inayolia zaidi ndiyo inayoshika zaidi. Chukua kiti cha mbao ukiburute polepole kwenye sakafu ya saruji. Kitapiga yowe. Sasa mkalishe mtu juu yake ukiburute tena: huenda kitaunguruma tu, au kitanyamaza. Mguu wa kiti unashika, unaachia, unashika tena, mara nyingi mno kwa sekunde, na mtetemo huo ndio sauti unayoisikia. Ndani ya dramu ni vivyo hivyo. Shuu ikibanwa kidogo inashika na kuachia, na dramu ya chuma cha kuyeyusha inaitikia kama kengele iliyogongwa. Ukikanyaga kwa nguvu shuu inabanwa sawasawa, haipati nafasi ya kutetema, kelele inakata. Ndiyo maana yako inalia ukikanyaga taratibu tu. Kwa hiyo sauti hiyo haikuambii breki ni nzuri wala kwamba imekufa. Inakuambia kuna kitu mle ndani kina nafasi ya kucheza, au kuna uso uliolainika kupita kiasi.

Sasa tazama mtiririko wa kisa chako mwenyewe. Shuu mpya, kimya wiki mbili, kelele. Shuu nyingine mpya, kimya wiki mbili, kelele. Shuu mpya huja na uso wenye kukwaruza kidogo, na huo ndio unaokupa kimya. Uso ukishasuguliwa na kufuata umbo la dramu, hali inarudi ilipokuwa, kwa sababu vitu vilivyoifanya ile ya kwanza ilie havikuguswa. Dramu ni ile ile, sahani ya nyuma (bamba la chuma ambalo shuu zimefungwa juu yake) ni ile ile, ajasta ni ile ile. Umenunua shuu mara mbili kutibu ugonjwa ambao, kwa maoni yangu, haukuwa kwenye shuu.

Kilichonisimamisha kwenye barua yako ni ile hendibreki, ingawa umeitaja kama jambo la pembeni. Breki za dramu kwenye gari kama lako zina ajasta, kijiti cha chuma chenye nyuzi na gurudumu dogo la meno, kilicholala kati ya shuu mbili chini ya wili silinda, ile silinda ndogo inayozisukuma shuu kwa mafuta ya breki. Lainingi, yaani tabaka la kusugua lililo juu ya shuu, inapolika, ajasta inajizungusha kidogo kidogo na kuzisogeza shuu karibu na dramu, ili pedali isizame wala hendibreki isipande. Hendibreki yako inapanda, na shuu ni mpya. Maana yake karibu kila mara ni kwamba shuu ziko mbali na dramu na ajasta haizifuati. Sababu ninayoikuta mara nyingi ni hii: fundi amefungua kulia na kushoto kwa pamoja, vipande vikachanganyika kwenye beseni moja, na ajasta ya kulia ikafungwa kushoto. Hizo mbili hazifanani, nyuzi zake zimekatwa kinyume. Ukizibadilisha upande, badala ya kusogeza shuu nje zinazirudisha ndani. Gari limefunguliwa mara mbili kwa miezi minane, kwa hiyo nafasi ya kosa hilo imekuwepo mara mbili.

Shuu zikiwa mbali, kila ukikanyaga zinasafiri umbali mrefu kabla ya kugusa. Zinaposafiri zinateleza juu ya vituo vidogo vilivyoinuliwa kwenye sahani ya nyuma, vitatu kwa kila shuu. Vituo hivyo vinatakiwa viwe laini na viwe na utando mwembamba sana wa grisi ya breki, ile inayostahimili joto. Vumbi la kilomita nne kila siku, pamoja na hewa ya chumvi ya pwani, hukausha grisi ile, huleta kutu, na baada ya miaka ukingo wa shuu huchimba mifereji kwenye vituo. Hapo shuu inakwama kwenye mfereji, inaegemea upande, inagusa dramu kwa kona. Hiyo kona ndiyo inayolia. Unaweza kubadilisha shuu kumi, zote zitaenda kukaa kwenye mfereji ule ule.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha kwanza kelele inatoka nyuma. Sauti husafiri kwenye bodi la gari na kudanganya masikio, nimewahi kutafuta nyuma kelele iliyokuwa ya pedi za mbele. Nenda mahali pasipo na watu wala magari, tembea taratibu kama kilomita 15 kwa saa, madirisha wazi, halafu bila kukanyaga pedali vuta hendibreki kidogo kidogo huku umebana kitufe chake ili isijifunge. Kwenye gari lako hendibreki inashika nyuma peke yake. Ikilia kwiii ile ile, umeshamjua mhalifu. Isipolia, vua tairi za mbele kwanza. Na kama ungekuwa unasikia mvumo usiojali breki, unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo, ningekupeleka kwenye beringi. Kama ungesikia "kop" moja ukitoka kwenda mbele na "kop" moja ukirudi kinyumenyume, ningesema shuu haikushikwa vizuri na pini yake. Lakini yako hailingani na hizo.

Na ile ya asubuhi tusiichanganye na ugonjwa. Pwani, gari likilala nje, dramu hupata utando mwembamba wa kutu usiku mmoja tu, na kelele ya breki mbili tatu za kwanza ni utando huo unaosuguliwa. Haihitaji fundi. Yako inaendelea mchana kila unapokaribia kusimama, hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kufungua si kazi ya siri, na ningependa uwepo inapofanyika. Dramu haitatoka hendibreki ikiwa imevutwa, kwa hiyo hendibreki lazima ishushwe. Hapo ndipo watu huumia, gari likiviringika na kuanguka kutoka kwenye jeki. Liwe mahali tambarare, gia kwenye P, vipande vya mbao au mawe mbele na nyuma ya tairi zote za mbele, na chini ya gari iwekwe stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, mtu asiingize mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki tu. Dramu ikigoma, isigongwe kwa nyundo ovyo. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi usoni. Ukifunga bolti za milimita 8 kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, dramu inajisukuma yenyewe nje.

Vumbi utakalokuta mle lisipulizwe, na hapa sina mzaha. Breki ya dramu ni kama sufuria yenye kifuniko: unga unaosagika hauna pa kutokea, unajikusanya. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwenye zile za bei rahisi zisizo na jina huwezi kujua kwa macho kilichomo. Unga wa asbesto ukivutwa unakaa mapafuni na unaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kompresa inautawanya gereji nzima, na mara nyingi aliyechuchumaa karibu ni kijana mwanagenzi asiye na hata kitambaa puani. Lowesha kila kitu kwa maji ya sabuni, au dawa ya kusafishia breki ya kopo, ukusanye kwa tambara, na tambara hilo litupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Mwambie fundi hivyo kwa upole. Anayevuta hewa hiyo kila siku ni yeye.

Petroli nayo iachwe. Mbali na hatari ya moto, inayeyusha uchafu na kuusukuma ndani ya matundu ya lainingi, halafu inaacha mabaki yanayoteleza. Baya zaidi, raba za wili silinda hazipatani na mafuta ya petroli. Zinavimba, zinalegea, na miezi michache baadaye silinda inaanza kuvuja. Kwa kuwa yako ilioshwa hivyo, hiki ndicho kitu cha kwanza nitakachotaka ukague: inua kwa uangalifu ukingo wa raba ya vumbi kwenye kila mwisho wa wili silinda. Unyevu kidogo wa kufuta kwa kidole si ajabu. Matone, la. Ikitoa matone, silinda ibadilishwe, na shuu zilizolowa mafuta ya breki zitupwe, hazisafishiki hata zikipigwa msasa siku nzima.

Baada ya hapo angalia dramu kwa ndani. Pitisha kidole. Kama uso unang'aa kama kioo, au una mistari unayoihisi kwa ukucha, au ukingoni pamebaki kingo iliyoinuka, ndipo kimya cha wiki mbili kinapoishia. Dramu inaweza kuchongwa kwenye mashine ya lethi ipate uso mpya, lakini kuna kikomo, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye dramu yenyewe, kwa kawaida baada ya herufi MAX. Dramu ya milimita 200, saizi ya kawaida kwa Toyota ndogo za aina hii, huruhusiwa kufika 201 na si zaidi. Milimita moja tu. Fundi asiye na kifaa cha kupimia hapaswi kukuambia "bado ipo". Ikivuka kikomo inakuwa nyembamba, inatanuka kwa joto, na breki inapotea mteremkoni pale unapoihitaji. Kama kuchonga kutaifikisha karibu na kikomo, nunua mpya. Kwa vyovyote kulia na kushoto zilingane, ukichonga moja chonga zote mbili, ukinunua nunua jozi.

Shuu zako za sasa pengine bado ni nene. Kikomo cha Toyota kwa gari dogo ni milimita 1 ya lainingi, na mpya huwa kama 4. Kama hazikulowa mafuta wala kupasuka, sioni sababu ya kununua seti ya tatu. Ziondolewe mng'ao kwa msasa juu ya sahani bapa, zikiwa zimeloweshwa, na kona za miisho zichongwe kidogo ziwe mshazari ili shuu isianze kugusa kwa ncha kali. Msasa wa fundi wako wa kwanza haukuwa kosa. Kosa ni kwamba ulikuwa msasa peke yake.

Kazi yenyewe iko nyuma ya shuu. Vituo sita vya sahani visuguliwe kutu kwa brashi ya waya, mifereji midogo isawazishwe kwa tupa, na mifereji mirefu sana ijazwe kwa kuchomelea na kusawazishwa, au sahani ibadilishwe. Kisha kila kituo kipate grisi ya breki, utando wa kuonekana tu. Ikizidi itayeyuka na kupanda kwenye lainingi. Grisi ya beringi haifai hapa. Springi zikaguliwe: iliyochoka utaiona koili zake zimeachana, na shuu yake hairudi vizuri. Springi na pini huuzwa kwa seti na si ghali ukilinganisha na ulivyokwishatumia. Ajasta isafishwe, ihakikishwe inazunguka kwa vidole, na ithibitishwe iko upande wake. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kuigeuza kwa mkono kwa mwelekeo ule ule ambao mkono wake wa springi unaisukuma: lazima irefuke. Ikifupika, iko upande usio wake.

Zikishafungwa, ajasta izungushwe mpaka dramu ikivishwa iguse kwa mbali, unasikia "shhh" nyepesi ukiizungusha dramu kwa mkono. Pedali ikanyagwe mara kadhaa ili shuu zijikalishe, halafu ikaguliwe tena. Baada ya hapo tu ndipo kebo ya hendibreki iguswe, kama bado kuna haja. Mafundi wengi huanza na kebo, kwa kuwa nati yake inafikika bila kufungua tairi. Kebo ikikazwa wakati shuu ziko mbali, inazishikilia nusu njia, ajasta inakosa nafasi ya kufanya kazi, na kwenye safari ndefu dramu inapata moto. Kama wako aliwahi kuikaza, ilegezwe kabla ya yote haya.

Hilo la kufunga diski nyuma, nakushauri usilifanye. Si kwamba diski ni mbaya. Gari lako lina uzito mdogo nyuma, na linaposimama sehemu ya uzito huo huhamia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Mgawo wa nguvu kati ya mbele na nyuma ulipangwa kiwandani kwa dramu zile. Ukiweka diski za kuokoteza kutoka gari jingine, bila kujua silinda zake ni za ukubwa gani, unaweza kupata gari ambalo nyuma inafunga kabla ya mbele, na kwenye mvua likazunguka barabarani. Hendibreki nayo itahitaji mfumo wake mwingine. Pesa hiyo ikarabati dramu zote mbili kwa ukamilifu na ibadilishe mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, tena pwani. Kila miaka miwili ni kiwango kizuri, na yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake.

Kuna pendekezo jingine ambalo fundi wako hajalitaja ila huenda ukalisikia: "tuzibe paipu ya mafuta ya breki ya nyuma, kelele itaisha." Kweli itaisha. Ukisikia hivyo chukua funguo zako uondoke. Hakuna kelele ya breki inayostahili kutibiwa kwa kuondoa breki.

Je, kazi hii uifanye nyumbani? Kufungua na kutazama, ndiyo, ukiwa na mtu aliyewahi kuifanya. Kufunga springi na ajasta naomba imwendee fundi mwenye uzoefu wa breki. Mchague kwa kumwuliza maswali mawili: atapima dramu kwa kifaa gani, na atafungua upande mmoja mmoja au zote pamoja? Mzuri atafungua upande mmoja na kuuacha mwingine umefungwa, awe na cha kutazamia mpangilio wa springi. Piga picha kwa simu kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Na hata kama kelele ni ya kulia tu, kushoto nako kufunguliwe, maana vumbi na chumvi havikuchagua upande, na kama ajasta zilibadilishana, iliyo kushoto ina kosa lile lile.

Gari likishashuka, nati za tairi zikazwe kwa mtindo wa msalaba, kwenye Toyota hizi kiasi cha nyutoni-mita 103. Kisha, ili shuu zizoeane na dramu, tafuta barabara tupu, panda hadi kilomita 50 kwa saa, kanyaga breki kwa kiasi mpaka kama 10, achia, endesha kidogo breki zipoe, rudia mara nane hadi kumi. Usikanyage hadi kusimama kabisa na kubaki umekanyaga, wala usivute hendibreki zikiwa za moto. Harufu kidogo siku hiyo ni kawaida. Moshi si kawaida.

Jioni hiyo, gari likiwa limepoa, vuta hendibreki polepole uhesabu milio ya "ka" mpaka ishike. Kwa Toyota ndogo nyingi huwa kati ya 6 na 9. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike ndani ya kisanduku cha dashibodi, na uihesabu tena baada ya wiki mbili, kisha baada ya wiki sita. Ikibaki ile ile na kwiii haijarudi, ajasta inafanya kazi yake. Ikianza kupanda tena, rudi kwa fundi na hiyo karatasi mkononi, umwambie afungue ajasta kabla hajataja shuu.